Laki sita na baiskeli ya fiksi ya mkono wa pili: nianze kubadilisha nini?

Swali

"Mzee fundi, habari za kazi. Miezi mitatu iliyopita nilinunua fiksi ya mkono wa pili hapa Kampala. Fremu ni ya chuma, rimu ni zile nene za rangi ya machungwa, tairi 700x23, meno 46 mbele na 16 nyuma, pedali za plastiki. Aliyeniuzia alikuwa ameng'oa breki ya mbele, akaniambia fiksi haihitaji breki. Kila asubuhi natoka Kireka kwenda kazini Industrial Area, na jioni narudi. Nina kilo 74, baiskeli kama 12. Nikipanda mlima magoti yananiuma. Cheni imeshatoka mara mbili. Pancha nimeziba mpaka fundi wa mtaani ananiita kwa jina. Nimeweka akiba shilingi 600,000. Rafiki zangu wamegawanyika: huyu anasema magurudumu mepesi, yule krenki, mwingine foku ya kaboni. Nianze na nini?"

Jibu

Kijana wangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili jicho liliganda palepale, kwenye tundu tupu la foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, pale ilipokuwa breki. Nitafika huko. Kwanza nikujibu ulichouliza. Magurudumu mepesi, hapana. Krenki, ile mikono inayobeba pedali, bado. Foku ya kaboni, hapana kabisa. Nunua sproketi ya nyuma, yaani kile kigurudumu cha meno kinachoshika cheni, ya meno 18, breki ya mbele, tairi pana zaidi na cheni mpya, kisha funga miguu yako kwenye pedali. Laki sita zako sidhani kama zitaisha.

Ukiitazama barua yako vizuri utaona majibu umeyaandika mwenyewe: magoti, cheni, pancha. La nne, breki, hukulilalamikia kwa sababu bado halijakuumiza.

Mimi nimekulia Busia, mpakani, kule boda boda zilikoanzia. Wakati huo zilikuwa baiskeli: abiria anavushwa kutoka forodha ya upande mmoja hadi ya upande wa pili, na waendeshaji wanaita "boda, boda". Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na ile baiskeli nyeusi nzito ya Kihindi, na pesa yake yote ya vipuri ilikwenda kwenye raba za breki, tairi na cheni. Kiti cha abiria alikishona upya mara moja tu kwa miaka yote, tena baada ya mama kulalamika. Ninapompangia mteja orodha ya vipuri, bado naifuata ile ya baba.

Magoti

Kwa wasomaji wasioijua fiksi: ni baiskeli isiyo na friwili. Gurudumu la nyuma likizunguka, pedali zinazunguka nalo, utake usitake. Gia ni moja. Kwa hiyo ukiikosea hiyo moja, umeikosea safari nzima.

Gawanya 46 kwa 16, unapata 2.875. Gurudumu la 700x23 likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2.1, hivyo kila mzunguko wa pedali unakusogeza mita 6. Kwenye tambarare ya Jinja Road saa kumi na mbili asubuhi, kabla foleni haijaanza, hiyo ni raha tupu. Sasa njoo jioni, upande wa Kyambogo, umechoka, mwendo umeshuka hadi kilomita 10 kwa saa. Miguu yako inazunguka mara 28 tu kwa dakika. Hapo kuendesha kumekwisha. Unapanda ngazi na gunia mgongoni, mguu mmoja mmoja, na kila hatua goti ndilo linalolipa.

Weka 18 nyuma. Uwiano unashuka hadi 2.556, na nguvu unayosukuma kwenye pedali inapungua kwa asilimia 11. Ukiweka 19 inapungua kwa asilimia 16. Sasa linganisha na ushauri wa rafiki zako. Wewe na baiskeli pamoja ni kilo 86. Tuseme umenunua magurudumu mepesi ukapunguza kilo 1 nzima, jambo ambalo kwa pesa zako si rahisi. Umepata asilimia 1 na kidogo. Ni kweli kwamba gia ndogo haipunguzi kazi ya kupanda, inaigawa tu katika mizunguko mingi zaidi, na uzito ukipungua kazi yenyewe inapungua. Lakini goti halihesabu kazi ya safari nzima. Goti linahesabu uzito wa kila msukumo.

Kwa nini basi nisikuambie 20 au 22? Kwa sababu ukipanda lazima ushuke, na kwenye fiksi miguu haipumziki mtelemkoni. Kwa kilomita 35 kwa saa, meno 16 yanakuzungusha mara 97 kwa dakika. Meno 18 yanakufikisha 109, na 19 yanakufikisha 115. Ukizoea, 109 inavumilika. Zaidi ya hapo utaanza kurukaruka kwenye kiti kama mahindi kikaangoni. Ndiyo maana nakuambia 18. Ukiishi na 18 miezi miwili na magoti bado yanalalamika, nenda 19.

Kuna jambo dogo hapa ambalo vijana wanaopenda kuburuta gurudumu la nyuma hulijua, na wengine hulijua tairi likishatoboka. Ukifunga miguu ili gurudumu liburuzike, tairi hugusa lami sehemu zilezile kila mara, kwa kuwa pedali zimesimama palepale. Idadi ya sehemu hizo unaipata kwa kurahisisha sehemu ya hesabu: 46/18 ni 23/9, namba ya chini ni 9, basi tairi lako litalika sehemu 9. Mwenye 48/16, yaani 3/1, analika sehemu moja tu. Huyo nimemuuzia tairi mara nyingi.

Kununua sproketi na kuifunga

Hapa ndipo watu wanapoharibu habu nzima, yaani kitovu cha gurudumu, kwa kipande cha chuma kisichozidi kiganja. Geuza baiskeli uangalie habu ya nyuma. Fiksi nyingi za bei nafuu zina hesi pande zote mbili. Upande mmoja una ngazi mbili: hesi kubwa ya sproketi, na nje yake hesi ndogo zaidi ya ringi ya kufungia, nayo ni ya kushoto, inakazwa kwa kuzungusha kinyume cha saa. Upande wa pili una hesi moja tu, ya friwili. Ringi ile inakazwa kinyume kwa sababu maalumu: ukisukuma pedali nyuma ili upunguze mwendo, sproketi inataka kufunguka, na ikijaribu kufunguka inaikaza ringi. Ringi isipokuwepo, siku utakayohitaji kusimama ndiyo siku sproketi itakayofunguka.

Kwa hiyo usimsikilize mtu anayekuambia uende Katwe wakuchomelee friwili iwe fiksi. Katwe wana mikono ya dhahabu na watakuchomelea vizuri sana, lakini friwili iliyochomelewa haina ringi nyuma yake. Itafunguka. Na usifunge sproketi kwenye ule upande wa friwili kwa kuikaza kwa nguvu peke yake, hata ukiambiwa fulani anaendesha hivyo tangu zamani.

Ukinunua, beba gurudumu lenyewe hadi dukani. Hesi zisafishwe kwa mswaki na mafuta ya taa, kisha sproketi iingie kwa vidole, mizunguko miwili au mitatu bila kulazimishwa. Ikikwama mwanzoni, haikuingia sawa. Itoe uanze tena. Habu ni alumini, sproketi ni chuma, na chuma hakishindwi. Tazama pia unene wa hesi za sproketi kwa ndani. Zile za bei ya chini kabisa zina hesi chache, zinashikilia sehemu ndogo ya habu, na ndizo zinazoondoka na hesi za habu yako. Kwenye kifaa hiki kimoja, lipa zaidi. Paka grisi, kaza sproketi kwa mjeledi wa cheni, ule mpini wenye kipande cha cheni, kisha ringi kwa spana yenye ndoano. Ringi isipigwe kwa patasi na nyundo. Najua umeiona ikipigwa hivyo. Hata mimi nimewahi kuipiga hivyo, zamani, nikiwa sina haya.

Meno mawili ya ziada yatalisogeza gurudumu mbele kama milimita 6. Mwanya wa ekseli wa fiksi kwa kawaida unatosha.

Na ule upande wa pili wa habu, kama hesi zake ni nzima, unaweza kuuweka friwili kwa siku za magoti mabaya. Friwili za baiskeli nyeusi za mizigo, Hero na Roadmaster, mara nyingi huingia. Jaribu kwa vidole kama nilivyosema. Ila siku utakayogeuza gurudumu kwenda friwili, miguu haitakuwa breki tena, na utahitaji breki mbili za mkono. Moja haitoshi.

Tundu tupu

Aliyekuuzia alisema fiksi haihitaji breki. Baiskeli za namna hii zilizaliwa kwenye viwanja vya mbio vya mviringo, ambako wote wanaelekea upande mmoja na hakuna taksi inayosimama ghafla kuchukua abiria. Huko breki ya mkono ni hatari, kwa sababu anayefunga ghafla anagongwa na wa nyuma. Jinja Road si uwanja huo. Uingereza, ambako vijana wengi hupanda fiksi mjini, sheria inataka mifumo miwili ya breki inayojitegemea: gurudumu lisilo na friwili linahesabiwa kuwa mmoja, na wa pili lazima uwe wa mbele.

Sababu yake si ugumu wa polisi. Unapofunga breki, uzito wako unakimbilia mbele. Gurudumu la nyuma linabaki jepesi, na gurudumu jepesi huteleza tu. Hata ukiwa na mapaja ya mbeba magunia, miguu inafunga gurudumu la nyuma, na la nyuma lina mpaka wake. Kwenye lami kavu breki nzuri ya mbele husimamisha baiskeli kwa karibu nusu ya umbali wa ile ya nyuma peke yake. Mvua ikinyesha, vumbi likawa utelezi, utaitafuta hiyo nusu.

Foku yako ina tundu, basi kazi ni ndogo. Pima kwa rula kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya ubavu wa rimu, pale raba itakapokanyaga. Ukipata kati ya milimita 39 na 49, nunua breki fupi. Ukipata kati ya 47 na 57, nunua ya kati. Ikizidi hapo, ndefu. Wauzaji wengi hawapimi, wanakupa iliyopo, halafu raba inakanyaga tairi badala ya rimu, na tairi hupasuka. Mkono wa breki uwe wa chuma au alumini, siyo plastiki. Waya wa ndani na ganda lake vyote viwe vipya. Raba ziwe laini: bonyeza kwa ukucha, ukiona alama inabaki, hizo zinafaa.

Rangi ya machungwa kwenye ubavu wa rimu itakwanguka. Wiki ya kwanza itapiga kelele kama nguruwe na raba zitageuka rangi. Vumilia, kisha sugua ubavu kwa msasa mwembamba. Ukikataa breki kwa sababu ya kulinda rangi, sisi wawili hatuna la kuzungumza.

Cheni

Niliwahi kushuka kutoka Kololo kuelekea Kamwokya na cheni ambayo asubuhi nilisema nitaikaza jioni. Kwenye fiksi cheni ikitoka kuna mambo mawili. La kwanza, miguu inazunguka hewani na breki ya miguu imekwenda. La pili ni cheni kujisokota kati ya sproketi na fremu, na gurudumu la nyuma kufunga palepale. Mimi nilipata la pili. Alama iko kwenye kiwiko hadi leo, na sikuwa na breki ya mbele kama wewe. Ndiyo maana kila mara naelekea kwenye hilo tundu lako.

Cheni kutoka mara mbili kwa miezi mitatu si bahati mbaya. Tafuta sababu kabla ya kununua. Simama nyuma ya baiskeli utazame kama cheni inakwenda mstari mmoja ulionyooka kutoka sproketi ya mbele hadi ya nyuma. Kisha zungusha pedali polepole huku ukibonyeza cheni katikati. Utakuta inakaza sehemu moja na kulegea nyingine, kwa kuwa sproketi za mbele za bei nafuu si duara kamili. Weka mkazo ukiwa kwenye sehemu iliyokaza zaidi: hapo icheze kama sentimita 1. Ukikaza kwa kuangalia sehemu iliyolegea, utaziua gololi za habu.

Mara nyingi mchawi ni gurudumu linalosogea. Kila unapokanyaga, cheni inavuta ekseli mbele upande wa kulia, nati inateleza kidogo, na mwisho wa wiki cheni imelegea. Dawa yake inauzwa kwa bei ya chini kuliko chochote nilichotaja: vile vivuta cheni vidogo vya baiskeli nyeusi, kipande chenye tundu la ekseli na boliti ya kuvutia. Tundu likiwa dogo, lipigwe tupa kidogo. Ni kifaa cha baba yangu kwenye baiskeli ya kijana wa mjini, na hakuna atakayekiona.

Kupima cheni, weka rula katikati ya pini ya kwanza na uhesabu inchi 12. Cheni mpya ina pini hasa kwenye inchi 12, yaani milimita 305. Pini ikifika 306.5, badilisha cheni. Ikifika 308, cheni imeshakula na sproketi, na cheni mpya juu ya sproketi hizo itaruka. Yako sijaiona, ila kwa kuwa unaweka sproketi mpya, weka na cheni mpya. Usimwozeshe bibi harusi kwa mzee. Nunua ya upana wa inchi 1/8, ileile ya baiskeli nyeusi, inayopatikana hadi kwenye senta ndogo za kijijini. Cheni za baiskeli za gia nyingi ni nyembamba na hazitakalia meno yako.

Tairi, na mtego wa namba 28

Tairi la 23 ni la kamba nyembamba na upepo mwingi, karibu psi 100. Ukiingia kwenye shimo, au ukatoka lami kwenda moramu ya mtaani kwenu Kireka, tyubu inabanwa kati ya rimu na jiwe, inatoboka matundu mawili yaliyoelekeana. Pancha zako ukiziangalia zikiwa mbilimbili, basi si miiba wala misumari. Ni wembamba.

Ingiza 28 kama fremu inaruhusu, au 32 kama una bahati. Pima kwa penseli: tairi lililopo likiwa limejaa upepo, penseli ipite kila upande kwenye foku na kwenye fremu nyuma, na pia chini ya breki utakayofunga. Kwa kilo zako, 28 itakwenda vizuri kwenye psi 75 hivi, mbele pungufu kidogo. Chagua lenye utepe wa kuzuia miiba hata kama ni zito. Utasikia tofauti mgongoni kabla ya kuisikia miguuni.

Sasa sikiliza mtego. Ukienda dukani ukasema "nataka tairi la 28", muuzaji wa Kampala atakupa 28 x 1½, la baiskeli nyeusi. Hilo ni la rimu ya milimita 635. Rimu yako ya 700C ni milimita 622. Tofauti ni milimita 13: tairi litaingia kwa urahisi wa kushangaza, ukijaza upepo litachomoka. Usitaje 28. Sema 700C, kisha soma mwenyewe pembeni mwa tairi. Uone maandishi 28-622 au 32-622. Namba ya pili isipokuwa 622, rudisha.

Tyubu nayo ina lake. Rimu yako ni nene, valvu fupi haitatokeza. Pima unene wa rimu uongeze sentimita 2. Na kama valvu ni ile nyembamba ya kizungu yenye kichwa cha kufungua kwa vidole, nunua kile kipande kidogo cha shaba cha kuifanya ikubali pampu za kawaida, ukifunge kwenye funguo zako. Bila hicho, siku utakayoishiwa upepo Banda, mafundi watatu watakutazama kwa huruma na pampu zao mkononi.

Miguu

Kwenye fiksi mguu ukitoka kwenye pedali mtelemkoni, pedali haikusubiri, inakuja kukupiga ugoko. Na mguu usiofungwa hauwezi kuvuta ili kupunguza mwendo. Unahitaji mikanda, na pedali zenye mianya ya kuipitisha. Zako za plastiki kama hazina mianya, badilisha ziwe za alumini. Kumbuka ya kushoto inakazwa kinyume. Mikanda yenyewe si lazima uiagize. Chukua mkanda wa kiti cha gari kutoka kwa wauza vipuri wa Kisekka, mpelekee fundi viatu na uzi wake mnene, ashone na velkro pana. Jizoeze kuingia na kutoka uwanjani kabla ya kwenda barabarani, maana mara ya kwanza utaanguka ukiwa umesimama, na ni heri uangukie majani.

Vilivyobaki

Krenki: sproketi yako ya mbele pengine imepigwa ripiti kwenye krenki, haitoki. Hilo halikusumbui leo, kwa sababu gia tumeibadilisha nyuma kwa pesa kidogo. Meno ya mbele yakiisha kabisa ndipo ununue krenki yenye sproketi ya boliti, urefu wa milimita 165 ili pedali isigonge chini kwenye kona. Kwa sasa kaza tu zile boliti mbili za krenki. Krenki ikilegea, tundu lake la mraba linakuwa duara ndani ya siku chache, na hapo ndipo utakapoinunua kwa lazima.

Beringi za katikati: shika krenki uitikise kushoto na kulia. Haichezi? Iache. Ikija kufa, weka iliyofungwa, isiyoingia vumbi, yenye urefu uleule wa shafti kama ya zamani, la sivyo mstari wa cheni utapinda. Kikombe cha kulia kina hesi ya kushoto. Wengi wamevunja spana hapo.

Magurudumu: yanyooshwe na spoki zikazwe, basi. Ukija kununua mengine, fremu ya fiksi nyuma kwa kawaida ni milimita 120. Yale mazuri ya mitumba kutoka baiskeli za gia ni 130 au 135, na fremu haipanuliwi kwa mguu.

Usukani mwembamba wa kupenya kwenye foleni, siutaki kwako. Mlimani usukani ndio unaouvuta. Kiti, kipandishe au ukishushe kwanza kabla ya kukilaumu. Magoti mengi huumizwa na kiti kilicho chini sana. Foku ya kaboni kwenye matuta yetu, kwa mtu anayehitaji tairi, sina la kusema.

Kama kuna kilichobaki kwenye laki sita, nunua taa ya nyuma, kwa kuwa huku kwetu jua likizama giza halibishi hodi. Kisha spana ya 15 ukae nayo kwenye mfuko, ile ya nati za magurudumu. Ukishaendesha kilomita 50 na sproketi mpya, rudi kwa fundi akaze tena sproketi na ringi, maana safari ya kwanza huzilaza hesi mahali pake na ringi huachwa imelegea kidogo. Hizo kilomita 50 kwako ni kama siku tatu. Ukinunua Ijumaa na kuanza kuendesha Jumatatu, Alhamisi asubuhi uwe kwa fundi kabla ya kwenda kazini.